Kuandikiana si Kutoaminiana

Kila vyuo vikuu vyetu vinapofanya mahafali, vijana waliosomea Kiswahili na isimu hutoka na shahada zao mikononi wakakuta kwamba nafasi za kuajiriwa ni chache mno kuliko wanaozitafuta. Wengi wao hawakai bure. Hutafsiri miongozo ya afya na kilimo, huhariri miswada, husoma prufu, huandika manukuu ya filamu, hutoa sauti zao kwa matangazo ya redio na hutunga mazoezi ya vitabu vya marudio. Walimu walioajiriwa nao, kipindi cha mwisho kikishakwisha, huzishika kazi hizo hizo usiku ili kuongeza pato lao. Wote hawa, wajue wasijue, ni wafanyakazi wa kujitegemea: katika kazi hizo hawana mwajiri, wana wateja.

Swali ninaloulizwa nao mara kwa mara ni hili: je, ni lazima mimi na mteja wangu tuandikiane mkataba, au neno tulilopeana latosha? Jibu langu ni kwamba neno halitoshi. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mwanasheria. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Nasema hivyo kwa sababu nimetumia miaka mingi kuchunguza jinsi maneno yanavyobeba maana, na jinsi yanavyoweza kuiangusha njiani.

Hebu kwanza tuondoe dhana moja potovu. Wapo wanaodhani kwamba mapatano ya mdomo si kitu mbele ya sheria. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imejengwa juu ya mapokeo ya sheria ya Uingereza, nayo mapokeo hayo huyatambua mapatano ya mdomo almuradi mmoja ametoa pendekezo, mwingine amelikubali, na pana kitu cha thamani ambacho kila upande unampa mwenzake. Ni mambo machache tu ambayo sheria hiyo inadai yaandikwe. Yanayojulikana zaidi ni mawili: mauzo ya ardhi, ambayo lazima yawe na maandishi yaliyotiwa sahihi na pande zote mbele ya shahidi, na dhamana ya mtu anayeahidi kulipa deni la mwingine. Asili ya masharti haya ni sheria ya Uingereza ya 1677 iliyokusudiwa kuzuia ulaghai na viapo vya uongo mahakamani. Kutafsiri kijitabu au kuhariri tasnifu hakumo katika orodha hiyo.

Basi mtu aliyeahidiwa shilingi 30,000 kwa simu ana haki ya kulipwa shilingi 30,000. Lakini kuwa na haki ni jambo moja na kuweza kuithibitisha ni jambo jingine. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Sheria yetu humruhusu mtu kudai haki iliyotokana na mkataba katika muda wa miaka 6. Ni nani kati yetu awezaye kukumbuka, neno kwa neno, mazungumzo ya simu ya miaka 6 iliyopita? Na hata akikumbuka, atamwonyesha nini hakimu ikiwa mwenzake naye anakumbuka vingine?

Hapa pana kitendawili ambacho yafaa walimu na wanafunzi wakitafakari. Sheria ya Ajira ya 2007 humlinda mwajiriwa kwa maandishi. Inasema kwamba mkataba wa ajira wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe, na kwamba jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Zaidi ya hayo, kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa maandishi hayo, ni yeye mwajiri anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Ulinzi huu haumfikii mfanyakazi wa kujitegemea. Hana ofisi ya wafanyakazi ya kumwandalia barua, hana chama cha kumtetea, wala hana kifungu kinachouhamisha mzigo huo kutoka begani mwake. Kwa ufupi, yule ambaye sheria imemlinda kidogo zaidi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya karatasi. Naye aghalabu ndiye asiyekuwa nayo.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa sisi tunaofanya kazi za lugha. Watu hudhani kwamba wasipoandika chochote, basi hakuna kilichoamuliwa. Huo ni udanganyifu wa ukimya. Mahali ambapo nyinyi wawili hamkusema kitu, sheria huwasemea. Chukueni mfano wa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yaanza kwa kusema kwamba hakimiliki huwa ya mtunzi. Lakini katika kifungu cha 31 inaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa kama wenyewe wamekubaliana vingine.

Someni tena sentensi hiyo. Mwalimu anayeagizwa kutunga mazoezi ya kitabu cha marudio, asipoandikiana chochote na aliyemwagiza, hajaiacha haki yake ikielea hewani. Ameitoa. Kitabu kikichapishwa mara ya pili na ya tatu, mazoezi yakihamishwa kutoka kitabu cha darasa la nane hadi programu ya simu, mwalimu huyo hatakuwa na la kudai zaidi ya ujira wake wa kwanza. Yamkini ujira huo ulikuwa wa haki na yeye angeuridhia. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi huo ulipaswa kuwa wake, aufanye macho yakiwa wazi. Usipoandika, utaandikiwa.

Sasa niingie katika uwanja wangu. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani, binti mwerevu na mfasiri hodari, aliyepigiwa simu na mtu aliyekuwa akisimamia mradi fulani. Alitakiwa autafsiri mwongozo kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Alipouliza habari ya malipo, aliambiwa: “Wewe fanya tu, ukimaliza utalipwa kwa kila neno, usijali.” Hiyo ni sentensi fasaha ya Kiswahili, haina kosa la sarufi hata moja. Ni sentensi ambayo sote tumeitamka au tumeisikia. Hebu tuipasue kama tunavyozipasua sentensi darasani, tuone kilichomo.

Tuanze na “ukimaliza”. Kimofimu -ki- hapa chaonyesha sharti: jambo moja likitokea, jingine litafuata. Lakini kumaliza ni nini? Kwa mfasiri, kumaliza ni kuikabidhi kazi. Kwa mteja, kumaliza kwaweza kuwa siku ambayo mkaguzi wake ameisoma na kuridhika, au siku mwongozo utakapotoka kiwandani. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu mwaka mzima waweza kupita, na katika mwaka huo mfasiri ana kodi ya nyumba mara kumi na mbili.

Pili, “utalipwa”. Hii ni kauli ya kutendwa, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ajua kwamba kauli ya kutendwa huweza kumficha mtenda. Utalipwa na nani? Na huyu anayezungumza kwenye simu? Na mradi? Na mfadhili aliye ng'ambo? Lau angesema “nitakulipa”, angekuwa amejifunga yeye. Aliposema “utalipwa”, hakujifunga mtu. Hata “tutakulipa”, inayosikika kama ahadi ya wengi, haimtaji mmoja anayeweza kubishiwa hodi.

Tatu, “kwa kila neno”. Hapa ndipo isimu inapokuwa fedha. Neno la lugha gani? Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa vyote hushikamana na mzizi wa kitenzi. Neno moja la Kiswahili, “hatutawalipa”, hubeba yale ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matano. Mfasiri akihesabu maneno ya matini chanzi na mteja akahesabu maneno ya tafsiri, wote wawili wamehesabu sawasawa, na bado hesabu zao hazitakutana.

Nne, “usijali”. Neno hili ni zuri baina ya marafiki. Katika biashara, hata hivyo, neno hili ni pazia linaloteremshwa mahali ambapo maswali yangepaswa kuulizwa.

Yaliyompata binti huyo mwaweza kuyakisia. Mteja alihesabu maneno ya Kiswahili. Kisha alisema mwenye fedha ni mfadhili, naye mfadhili hajaidhinisha. Kisha alirudisha kazi mara nne ili “isahihishwe”, na kila mara masahihisho yalikuwa kwamba matini ya Kiingereza yenyewe ilikuwa imebadilishwa. Binti alilipwa baada ya miezi 7, na malipo yakiwa pungufu kwa karibu robo ya alichotarajia. La kuzingatiwa ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa ameisikia sentensi ile ile na kila mmoja akaondoka na maana yake. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba mkataba wa maandishi si silaha dhidi ya matapeli peke yao. Tapeli hata ukimwandikisha atakutoroka. Mkataba wawafaa hasa watu wawili waaminifu ambao wanadhani wameelewana.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya heshima. “Nitamwambiaje mzee kama yule atie sahihi? Ataniona simwamini.” Pingamizi hii huvishwa joho la utamaduni: Waafrika, tunaambiwa, tulipatana kwa mdomo na dunia haikuanguka. Ni kweli tulipatana kwa mdomo. Lakini tulipatana vipi? Posa na mahari hayakujadiliwa na watu wawili faraghani. Palikuwa na wazee wa pande mbili, palikuwa na mashahidi, maneno yalirudiwarudiwa hadi kila sikio likayashika, na aliyeyakana baadaye aliikana jamii nzima. Hizo zote zilikuwa njia za kuhifadhi neno lisiharibike. Leo twapatana kwa simu, mmoja akiwa ndani ya matatu na mwingine akiwa sokoni, bila mzee, bila shahidi, kisha twauita huo utamaduni wetu. Huo si utamaduni. Tumechukua kauli ya wazee na kuacha mashahidi wake.

Isitoshe, lugha yetu yenyewe ina ushahidi tofauti. Neno “mkataba” limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, mzizi ule ule uliotupa kitabu, katibu na maktaba. Nawaonya wanafunzi wangu kila mwaka kwamba asili ya neno si maana yake ya leo, na onyo hilo linanihusu mimi pia. Hata hivyo, si jambo la bure kwamba wenyeji wa pwani walipotafuta jina la mapatano yenye uzito, walishika neno lenye wino ndani yake. Katika Kurani, aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika sura ya pili, yahusu kuandikiana deni, pamoja na mwandishi mwadilifu na mashahidi. Wahenga nao walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hao hawakuwa wageni wa uaminifu.

Litazameni pia neno “kibarua”. Ni barua iliyodogoshwa: kikaratasi. Huko Unguja mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha wakati wa kupokea ujira wake, na jina la kikaratasi likamhamia mwenyewe. Mchukuzi wa mizigo wa zama hizo, ambaye pengine hakujua kusoma, alikuwa na hati ya kazi yake mkononi. Mfasiri wetu mwenye shahada mbili hana.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Husemwa kwamba karatasi daima imekuwa chombo cha mwenye nguvu. Historia ya nchi hii yatoa ushahidi. Kipande, kilichotokana na sheria ya usajili ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa karatasi, na Mwafrika alilazimika kutembea nacho kikining'inia shingoni. Makubaliano ya Wamaasai na Waingereza ya 1904 yalikuwa maandishi, nayo yaliahidi kudumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Ilipofika 1911 yakaandikwa mengine, Wamaasai wakahamishwa kutoka Laikipia. Walipokwenda mahakamani 1913, shauri lao lilitupwa. Ni nani basi atakayemlaumu Mkenya anayeiogopa karatasi?

Simlaumu. Lakini tujiulize karatasi hizo zilikuwa na kasoro gani. Ziliandikwa na upande mmoja, kwa lugha ya upande mmoja, na upande wa pili ukaletewa uweke alama yake. Dawa ya karatasi iliyoandikwa na mwenye nguvu peke yake si kukosa karatasi. Mwenye nguvu hahitaji karatasi ili akunyime. Dawa yake ni karatasi iliyoandikwa na wote wawili, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Na hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna la kusema. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hakuna sheria inayodai kwamba mkataba wa kutafsiri mwongozo wa kilimo uandikwe kwa Kiingereza kilichojaa misamiati ya kale ya mawakili. Waweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwa sentensi fupi, kwa kauli ya kutenda yenye mtenda anayeonekana.

Pingamizi ya tatu ni ya gharama: kazi ni ndogo, wakili ni ghali, na mteja akiona nachelewa ataenda kwa mwingine. Jibu ni kwamba mkataba wa kazi ndogo hauhitaji wakili wala karatasi ya mhuri. Wahitaji ukurasa mmoja unaojibu maswali machache. Ni akina nani wanaopatana, kwa majina yao kamili? Kazi ni ipi hasa: kusoma prufu, kuhariri, au kuandika upya? Maana neno “kusahihisha” laweza kuwa yote matatu. Itakabidhiwa lini, siku na saa? Msicheke. Mtu akikuambia “Ijumaa saa sita”, yaweza kuwa adhuhuri, yaweza kuwa usiku, na kwa yule anayehesabu saa kwa Kiingereza kichwani mwake yaweza kuwa saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kiasi gani, yatahesabiwa kwa neno la lugha gani, na mlipaji ni nani? Je, kiasi hicho ni kabla au baada ya kukatwa ile kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo wateja wengi hupaswa kuikata? Arbuni ni kiasi gani, na salio litalipwa siku ngapi baada ya kukabidhi? Masahihisho ya bure ni mara ngapi, na matini chanzi ikibadilishwa nani atagharamia? Hakimiliki itakuwa ya nani, na jina la mfasiri litaonekana wapi? Mwisho, mmoja akitaka kuivunja kazi katikati, itakuwaje?

Mteja naye ana maswali yake, na mkataba huo huo humjibu. Ana haki ya kujua kwamba siri zake hazitatolewa nje, kwamba kazi haitapewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aifanye kwa ujira wa soda, na, siku hizi, kwamba maneno hayatatiwa kwenye mashine ya kutafsiri kisha yakarudishwa kwake yalivyo. Mtu anayesema mkataba ni wa kumlinda mfanyakazi peke yake ameona upande mmoja wa sarafu.

Na ikiwa hata ukurasa mmoja ni mrefu, basi baada ya kukata simu mwandikie mteja ujumbe kama huu: “Bwana mkubwa, nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo. Kama tulivyokubaliana, nitautafsiri mwongozo wenye maneno 8,000 ya Kiingereza. Wewe utanilipa shilingi 4 kwa kila neno la Kiingereza, yaani shilingi 32,000. Nusu kabla ya kuanza na nusu katika siku 14 baada ya kukukabidhi. Nitakukabidhi Ijumaa tarehe 14, saa sita adhuhuri. Tafadhali nijibu kama ndivyo ulivyoelewa.” Ujumbe huu hauna tuhuma ndani yake. Una adabu zote. Na mteja akijibu “ndivyo”, mmekwisha kuandikiana. Sheria yetu ya ushahidi hukubali rekodi za kielektroniki kwa masharti yake, hivyo simu iliyokuwa chanzo cha utata yaweza kuwa hifadhi ya ushahidi. Asipojibu, hilo nalo ni jibu, na umelipata kabla ya kukesha usiku kumi.

Karatasi hiyo ina pa kupelekwa pia. Zamani mtu anayedai shilingi 32,000 alishauriwa asamehe, kwa kuwa gharama ya kesi ingelimeza dai lenyewe. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa 2016, na mahakama hizo zikaanza kazi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60. Lakini hata katika mahakama isiyo na makuu, anayekuja na ujumbe wenye kiasi, tarehe na jina ana mengi ya kusema kuliko anayekuja na “aliniambia nisijali”.

Wafasiri wana sababu moja zaidi ya kulitia maanani jambo hili. Tarehe 22 Novemba 1976, mkutano mkuu wa 19 wa UNESCO ulipitisha pendekezo kuhusu ulinzi wa wafasiri na tafsiri zao. Linasema kwamba yafaa kuwe na makubaliano ya maandishi kati ya mfasiri na anayeitumia kazi yake. Kwamba mfasiri alipwe ujira wa haki. Kwamba matini yake isibadilishwe bila kushauriwa. Na kwamba jina lake litajwe. Mkutano huo haukufanyika Paris wala Geneva. Ulifanyika Nairobi, na hadi leo wafasiri wa dunia huliita Pendekezo la Nairobi. Si sheria inayomfunga mtu, ni ushauri kwa mataifa. Hata hivyo, inasikitisha kwamba jina la jiji letu hutajwa na wafasiri wa nchi za mbali wanapodai haki zao, ilhali mfasiri anayeishi Umoja au Kahawa hajapata kulisikia.

Nionavyo, mambo mawili yapaswa kufanywa. La kwanza ni la wabunge. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017, inayotaka kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na inayosema kwamba kama tarehe ya malipo haikutajwa, mteja alipe katika siku 30 baada ya kazi kukamilika. Sisemi tuinakili. Nasema tu kwamba kama yawezekana kumtaka mwajiri aandike, yawezekana pia kumtaka mteja aandike, na kiwango cha fedha kinachofaa kwa Kenya chaweza kujadiliwa.

La pili ni letu walimu, nalo halihitaji kungoja Bunge. Twawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti na wasifu-kazi. Twawafundisha kuomba kazi kwa ufasaha ambao wengi hawatapata pa kuutumia, kwa kuwa kazi za kuomba ni chache. Mbona tusiwafundishe kuandika mapatano ya kazi? Ni zoezi lenye kila kitu ambacho mwalimu wa lugha hutamani: usahihi wa msamiati, mpangilio wa hoja, tofauti ya kauli ya kutenda na ya kutendwa, tofauti ya “atalipa” na “anaweza kulipa”. Mwanafunzi akikosea darasani atapoteza alama mbili. Akikosea nje atapoteza mshahara wa miezi miwili.

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni, na methali hiyo haikufuatwa na sharti la maandishi, kwani dhamiri ya mtu haihitaji sahihi. Lakini deni lina kiasi, lina tarehe, lina mdai na mdaiwa. Ahadi isiyokuwa na vitu hivi bado haijafikia kuwa deni. Kuviandika ni kumsaidia mwenzako aitimize ahadi yake, na kumwandikia mtu ili aweze kulitimiza neno lake si kumvunjia heshima.